Fundi wa bomba la jiko la kuni, Unga Ltd: moshi umeacha kuingia chumbani kwa mtoto

Jamani mi niko huku juu Ilboru, Arusha, na mnajua mwezi wa 6 na wa 7 huku baridi haina mchezo, sasa mwaka jana tukaweka jiko la kuni sebuleni, la chuma, zuri tu. Shida ni kwamba mwanangu ana pumu na kwa ajili yake tulishafunga ile feni ya darini inayovuta hewa ya nje inaipitisha kwenye filta inaisambaza vyumbani, maana vumbi la kiangazi lilikuwa linamuua. Fundi wa kwanza aliyefunga jiko akatoboa paa akatokeza bomba karibu kabisa na tundu la kuvuta hewa, hata mita 2 hazifiki. Wiki ya pili tu blanketi la mtoto linanuka moshi wa mkaratusi na usiku anakohoa. Nikachomoa filta, nyeusi kama tako la sufuria. Nililia siku hiyo.

Nikaenda mtaa wa Unga Ltd kwa mafundi bati, nikampata kijana mmoja akaja kuangalia (alichelewa siku 2, hilo nalisema). Hakukimbilia kuuza bomba. Aliniomba udi, akauwasha akaushika mlangoni mwa jiko likiwa limepoa, moshi ukapanda taratibu kuingia ndani ya jiko hadi kwenye bomba. Akasema, "Mama, washa ile feni ya jikoni." Nikawasha ya ekzosti, ile inayotoa hewa nje, jamani ule moshi ukageuka hapohapo ukaja usoni kwetu! Kumbe nyumba ikifungwa vizuri feni ikitoa hewa lazima ingine iingie pa kuingilia, na bomba la jiko ndo njia rahisi. Akafungua dirisha kama inchi 2, moshi ukarudi juu. "Jiko halina kosa mama, linagombea hewa na feni."

Alichofanya: bomba limerefushwa, akasema lisipungue sentimita 90 kutoka pale linapotokea kwenye paa na lizidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Tundu la hewa kalihamishia upande wa pili kabisa wa nyumba, mashariki, upepo unakotokea mara nyingi. La zamani kaziba kwa bati. Na mimi nikiwasha jiko siwashi ekzosti, na kama napika nafungua dirisha. Laki 2 na 40 pamoja na vifaa, kwangu ni halali yake.

Kasoro ipo, kiungo cha bomba alipaka silikoni ya kawaida ile ya bafuni ikaanza kunuka na kulainika siku ya kwanza tu, nikampigia akaja kesho yake akaitoa akaweka ya kuhimili moto, hakunidai hata mia.

Ambao mnanunua filta muelewe hili, filta ya vumbi inashika masizi ila harufu inapita, ya mkaa inapunguza harufu lakini kaboni monoksaidi haizuii hata moja kati ya hizo, na hiyo gesi haina harufu wala rangi na inaua watu usingizini. Kwa hiyo moshi uzuiwe kabla haujafika kwenye tundu, na nunueni alamu ya hiyo gesi, mi yangu iko ukutani nje ya chumba cha mtoto. Kuni pia ziwe kavu, mbichi zinafuka tu na bomba linajaa masizi.

Kilichobaki ni jioni majirani wakiwasha kuni, hewa ya baridi inateremka kutoka Mlima Meru na moshi unalala chini hautoki, hapo feni ya darini naizima kuanzia saa 12 hadi saa 3. Fundi kasema ataniwekea taima Jumamosi, aje pia aikaze kofia ya bomba maana upepo ukivuma inagonga.