Kijiwe cha vitabu cha Jamatini na kurasa 16 za Churchill

Kitabu hiki nilikifuata mara tatu kabla ya kukinunua. Mara ya kwanza nilikikuta kimelazwa juu ya turubai, kati ya kamusi iliyochanika na vitabu vya Kidato cha Pili, pale kwenye kijiwe cha vitabu vya mitumba karibu na stendi ya Jamatini hapa Dodoma. Jalada lilikuwa jekundu lililopauka kwa jua, na picha ya mzee mnene mwenye sigara nene mdomoni. Kijana muuzaji aliniamkia, akasema, "Mama, huyo ni Churchill, nakuachia kwa elfu 20." Nikamjibu kwamba namfahamu, nimemfundisha miaka 31. Siku ya tatu tulikubaliana elfu 13, nikalipa kwa simu, akanifungia kwenye gazeti.

Nianze na kijiwe chenyewe, maana watu wengi wanapita pale wakikimbilia daladala bila kugeuza shingo. Kijana yule anajua alichonacho. Hauzi vitabu kwa kilo. Ana daftari la kuandika maagizo ya wateja, na ana kigoda ambacho atakusogezea ukae usome kwanza, hata nusu saa, asikuulize kama unanunua. Bei zake ni za kuzungumza. Kasoro ni vumbi na jua: huku kwetu upepo wa mwezi wa saba ukianza, kitabu kilichokaa nje wiki mbili kinakuwa na mchanga mpaka kwenye mshono. Kasoro nyingine, iliyoniumiza mimi, ni kwamba hakagui kurasa kabla ya kuuza. Nitaifikia.

Nilikitaka kitabu hiki kwa sababu ya baba. Nyumbani Mvumi baba alimwita Churchill "Chachili", kama askari wenzake walivyomwita. Alichukuliwa jeshini mwaka 1942, akaingia keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, akapelekwa Ceylon (Sri Lanka ya leo) na baadaye Burma (Myanmar ya leo). Alirudi na koti, medali ya nyota na homa iliyokuwa ikimrudia kila masika. Darasani Churchill nilimfundisha kwa mistari minne ya notisi: Waziri Mkuu wa Uingereza, 1940 hadi 1945, aliongoza vita dhidi ya Hitler, alirudi madarakani 1951. Wanafunzi walikariri, wakajibu mtihani, tukasonga mbele. Nilipostaafu nikasema sasa nataka kumjua mtu aliyemtoa baba yangu Ugogo akampeleka kwenye matope ya Burma.

Kitabu ni wasifu mnene wa Kiingereza, kurasa zaidi ya 700, na sehemu yake bora ni mwezi wa Mei 1940. Hapo mwandishi amefanya kazi ya kweli. Churchill anakuwa Waziri Mkuu tarehe 10 Mei akiwa na miaka 65, siku ileile Wajerumani wanavamia Uholanzi na Ubelgiji. Siku tatu baadaye analiambia Bunge kwamba hana cha kutoa ila damu, taabu, machozi na jasho. Mwisho wa mwezi jeshi la Uingereza limebanwa ufukweni Dunkirk, Ufaransa inaporomoka, na ndani ya baraza dogo la vita la watu 5, Waziri wa Mambo ya Nje, Halifax, anataka iulizwe kupitia Italia Hitler anataka nini ili vita viishe. Chamberlain, Waziri Mkuu aliyemtangulia, anayumba. Attlee na Greenwood wa chama cha Labour wanasimama na Churchill. Wanabishana siku tatu. Tarehe 28 Mei Churchill anawaita mawaziri wengine walio nje ya baraza lile, anawaambia hatakubali, nao wanamshangilia. Siku hiyo bado hajui ni askari wangapi wataokolewa Dunkirk. Waliokolewa zaidi ya 338,000. Nilisoma kurasa hizo usiku mmoja, chai ikapoa, mjukuu akanizimia taa ya sebuleni nikamwambia aiwashe.

Kilichonishika zaidi kama mwalimu ni jinsi alivyotengeneza hotuba. Alikuwa na kitata cha herufi s tangu utotoni. Alifeli mtihani wa kuingia chuo cha kijeshi cha Sandhurst mara mbili, akapita mara ya tatu. Hotuba alizitamka kwa makarani wake saa nyingi, nyingine usiku wa manane, nyingine akiwa kitandani, kisha zikapigwa chapa kwa mistari mifupimifupi iliyokatwa kama Zaburi, ili jicho lijue pa kuvuta pumzi. Sisi tuliokulia kwenye utenzi na nyimbo za kanisani tunalielewa jambo hilo upesi. Neno linakatwa pale panapostahili pumzi, wala si pale karatasi inapoishia. Laiti ningelijua nikiwa bado nasimamia kikundi cha midahalo shuleni.

Haya, kurasa. Nilipofika 416 nikageuza, nikajikuta 433. Nikadhani zimegandana. Hazikugandana. Fungu zima la kurasa 16 lilikuwa limechomoka kwenye mshono, na lilikuwa fungu la mwaka 1943. Nililia kidogo, sioni haya kusema. Kitabu nilikinunua kwa ajili ya mwaka huo, mwaka wa njaa ya Bengal kule India.

Baba aliniambia kwamba walipokuwa wakisafirishwa ndani ya India kuelekea Burma, treni ilisimama kwenye stesheni, wakaja watu wa kuomba. Alisema, "Walikuwa kama watu wa Mtunya." Msomaji asiye wa Ugogo anapaswa kujua uzito wa neno hilo. Mtunya ndiyo njaa iliyotupiga baada ya Vita vya Kwanza, 1918 hadi 1920. Wajerumani kisha Waingereza walikuwa wameshachukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, halafu mvua ikagoma, halafu ikaja homa ya mafua. Baba alizaliwa baada yake kidogo, ameisikia kwa mama yake, na kwetu hakuna aliyelitaja neno hilo kwa utani. Kwa hiyo baba alipolitumia kwa watu wa nchi nyingine nilijua alichokiona. Wenzake waliwarushia biskuti za jeshi dirishani mpaka ofisa akawakataza.

Nikarudi kijiweni na kitabu mkononi. Kijana aliona uso wangu akainuka. Hakubishana, hakuniambia kitu cha mitumba hakirudishwi. Alisema, "Mwalimu, chagua: nikurudishie hela yako, au unipe wiki mbili niutafute mzigo uliobaki." Nikampa wiki mbili. Alimkumbuka mteja mmoja aliyenunua kwake nakala kama hiyo, akampigia, akaziazima kurasa zile kwa saa moja, akapeleka steshenari akazitoa kopi kwa gharama yake. Siku ya 12 akanipigia simu niende. Sijawahi kupata huduma kama hiyo kwenye duka la vitabu lenye vioo na kiyoyozi.

Nilizisoma palepale kwenye kigoda. Na hapa lazima nikipunguzie kitabu alama. Katika kurasa 16 za mwaka 1943, njaa ya Bengal imepewa ukurasa mmoja na nusu. Watu wanaokadiriwa kufikia milioni 3 walikufa, kwa njaa na kwa magonjwa yaliyofuatana nayo. Mwandishi anataja kimbunga cha Oktoba 1942, na anataja kwamba Wajapani walikuwa wameshaiteka Burma na mchele wake haukuja tena. Ni kweli yote mawili. Lakini kwamba serikali yenyewe ilikuwa imeondoa mashua na mchele maeneo ya pwani ili adui asivipate, kwamba bei ya mchele ilipanda mpaka kibarua hagusi, kwamba maombi ya India ya kuletewa meli za nafaka yalifika London mara kwa mara na baraza la vita likayakataa au likatoa kidogo, hayo yamepitiwa mbiombio kama mtu anayeruka dimbwi. Wanahistoria wanabishana mpaka leo ni sehemu gani ya lawama imwangukie Churchill mwenyewe. Basi ubishi huo uwekwe mezani tuusome! Baraza lilelile lililopewa kurasa 30 kwa siku tatu za Mei 1940 lilistahili angalau 10 kwa njaa ile.

Kuhusu Afrika, kitabu kinamfuata vizuri kwenye safari ya 1907, alipokuwa naibu wa waziri wa makoloni, akatoka Mombasa kwa reli hadi Nairobi, kisha Uganda na kushuka na mto Nile. Huku kwetu hakukuguswa, kulikuwa kwa Wajerumani, na reli ya kati ilifika Dodoma 1910. Mkataba wa Atlantiki wa Agosti 1941 umeelezwa kwa uaminifu. Churchill na Roosevelt walitangaza haki ya mataifa kuchagua serikali yao, na mwezi uliofuata Churchill akaliambia Bunge kwamba aliyokuwa akiyafikiria ni mataifa ya Ulaya yaliyo chini ya Wanazi. Novemba 1942 akasema hakuupokea uwaziri mkuu wa Mfalme ili asimamie kufilisiwa kwa Himaya ya Uingereza. Wakati huohuo baba alikuwa kwenye mazoezi ya bunduki, na baba mdogo alikuwa amekamatwa kwenda kukata mkonge, si kama manamba wa mkataba bali kwa amri, kwa sababu mkonge wa Asia ulikuwa mikononi mwa Wajapani. Tanganyika haimo kwenye faharasa. Nimeitafuta mara mbili.

Kuna jambo moja ambalo kitabu kimenisaidia kusahihisha, na nawaomba walimu wa Kongwa walichukue. Watu wengi huku humbebesha Churchill ule mpango wa karanga, yaani mashamba makubwa ya karanga ya serikali ya Uingereza pale Kongwa. Si wake. Alishindwa uchaguzi Julai 1945, wapiga kura wakamweka kando mtu aliyewashindia vita kwa sababu walitaka nyumba, kazi na matibabu, na mpango ulianza 1947 chini ya serikali ya Attlee. Ulifutwa Januari 1951, yeye alirudi Oktoba. (Baba alifanya kazi Kongwa miezi minane. Alisema udongo ulikuwa unavunja majembe ya trekta. Kura yeye hakuwa nayo, uchaguzi wetu wa kwanza ulikuwa 1958.)

Sura za mwisho ni za haraka. Tuzo ya Nobel ya Fasihi 1953 ina aya mbili, hali ya hatari ya Kenya iliyotangazwa chini ya serikali yake Oktoba 1952 ina aya moja. Alifariki 24 Januari 1965 akiwa na miaka 90. Nilipokokotoa nikashangaa: alizaliwa 1874, miaka kumi kabla ya mkutano wa Berlin, akafa Tanzania ikiwa tayari Tanzania.

Kijiwe nakipa A bila kusita. Kitabu nakipa B, na atakayekitaka aanze na Mei 1940. Ukienda kununua chochote pale, hesabu kurasa ukiwa bado kwenye kigoda. Nimeshaandikisha kwenye daftari lake kitabu chochote kinachohusu askari wa Afrika Mashariki waliokuwa bonde la Kabaw na Kalewa, huko Burma, mwaka 1944. Ameahidi kunipigia.

Kurasa zile 16 nimezibandika mahali pake kwa gundi. Karatasi ya kopi ni pana kuliko kitabu. Hata kikiwa kimefungwa kabatini, mwaka 1943 unaonekana kwa pembeni, mweupe, umetokeza.