Mapezi ya kuogelea ya Mares Avanti Quattro kwa mwenye mguu mpana: uzoefu wangu

Navaa kiatu namba 43, vidole vimetanuka na tao la wayo limeinuka. Mwenye mguu wa namna hii anayajua vizuri mapezi ya kukodi: yamerundikwa kwenye boti, saizi mbili tatu, unapewa yanayokaribiana na mguu wako. Yakibana, yanakuchuna kisigino. Yakipwaya, vidole vinajikunja vyenyewe kuyashikilia, na hujafika mbali shavu la mguu limekaza kwa maumivu. Watu wengi husema hawana pumzi ya kuogelea kumbe shida iko miguuni.

Kwa hiyo nilipokwenda kununua yangu, sehemu ya kuingiza mguu niliipa uzito kuliko bapa, yaani lile jani la mbele linalosukuma maji. Nilitaka ya kisigino kilichofungwa, yanayovaliwa kama kiatu, kwa sababu bahari yetu ni ya joto na mara nyingi naingia majini kutoka kwenye boti. Avanti Quattro zilikuwepo za 42/43 na 44/45. Muuzaji alinipa ile ndogo kwa kuangalia namba ya kiatu tu. Nikaomba zote mbili, nikatoa soksi zangu za neoprini (mpira laini wa nguo za kuzamia) za milimita 2 nilizokuja nazo, nikaketi.

Namna ya kupima ni hii. Nyoosha mguu hewani, uutikise juu na chini, kisha kushoto na kulia. Kisigino kisichomoke hata kidogo. Halafu simama, jaribu kuchezesha vidole. Vikishindwa kusogea, au ukihisi ukingo wa mpira unakandamiza juu ya wayo, acha hapo hapo, maana kinachosumbua kidogo dukani kitakuwa kidonda ukishapiga mateke kwa nusu saa. Na pezi linalocheza likiwa kavu litacheza zaidi likilowa, kwa kuwa maji yanautelezesha mpira. Ile 42/43 ilinibana kwenye kidole kidogo hata nikiwa peku. 44/45 nikiwa peku ilipwaya, nikivaa soksi ikakaa sawasawa. Nikachukua hiyo, na sizivai bila soksi.

Baharini zimenifurahisha sana. Bapa ni refu, lina mifereji minne ya mpira inayojikunja ukipiga teke, na unausikia msukumo wa maji nyuma yako. Nilizipenda zaidi Mafia, Ghuba ya Chole, maji yanapokupwa na kutoka kwa nguvu kupitia mlango wa Kinasi, njia ya maji kati ya ghuba na bahari kuu. Ukiwa na mtungi wa hewa mgongoni pale, unahitaji pezi linaloitikia. Lakini teke litoke nyongani. Ukipiga kwa goti kama unaendesha baiskeli, utachoka bure. Kwa anayeelea tu kisiwani Mbudya kutazama samaki, naona ni marefu kupita mahitaji. Mafupi na laini yatamtosha, na yanaingia kwenye begi.

Kasoro yake ni pale unapoingilia ufukweni. Maji yakishakupwa na mwamba umebaki wazi, huwezi kutembea nayo, na ukiyavua unabaki na soksi tu. Anayeingia hivyo kila mara atafute ya mkanda nyuma, ayavae pamoja na buti za neoprini, na buti hizo aende nazo dukani siku ya kupima. Mengi ya aina hiyo yametengenezwa kwa buti, ukiyavaa peku mguu unaogelea ndani yake.

Nikirudi nyumbani nayasuuza kwa maji yasiyo na chumvi, nayaanika kivulini yakiwa yamelala. Ukiyasimamisha kwa ncha, bapa linapinda. Vile vipande vya plastiki vilivyokuja ndani ya kisigino sikuvitupa, vinazuia mpira usibonyee.

Na kwa mzazi: mtoto usimnunulie makubwa ukisema atakua nayo. Mchukulie yenye mkanda wa kurekebisha yanayovalika peku, umlegezee mkanda kadiri mguu unavyokua. Pezi kubwa likimvuka kwenye mkondo, mguu mmoja unabaki mtupu naye yuko mbali na boti.