Betri ya pikipiki kuukuu: nilinunua fupi, ikaniacha Chalinze

Honda yangu ni mtumba wa Japani, cc 250, na haina kiki ya kuwashia kwa mguu. Selfu, ile mota ya kuwashia injini, ikigoma kilichobaki ni kusukuma, na mimi si mtu wa kusukuma kilo mia na kitu kwenye jua la saa saba. Kwa hiyo selfu ilipoanza kuzunguka kivivu asubuhi, sikupima chochote. Nilifanya tunachofanya wote, nikaenda Kariakoo kununua betri.

Betri ya zamani ilikuwa imeandikwa namba ya aina yake, YTX7L-BS. Muuzaji akaniletea YTX5L-BS. "Dada yangu, ni ile ile, siku hizi ndiyo zinazoingia." Nikaziweka pamoja juu ya kaunta, nikazitazama kwa juu: zinalingana kabisa. Nikalipa. Fundi alipoiona imezama ndani ya boksi lake akakata kisigino cha ndala, akakitia chini yake, akavuta mpira, akasema tayari.

Siku ya tatu nikasimama Chalinze kujaza mafuta. Nabonyeza selfu: ta! Taa zikafifia, kisha zikazima. Nilikwisha kukubali kwamba nimeuziwa betri mfu, mpaka kijana wa bodaboda aliyekuwa kivulini akainua kiti, akagusa bolti ya hasi kwa kidole. Ikazunguka yenyewe. Betri ilikuwa nzima.

Sasa sikilizeni, maana hili hakuna muuzaji atakayekwambia. YTX5L na YTX7L zote zina urefu wa milimita 114 na upana wa 71, ndiyo maana kwa juu ni mapacha. Ila kimo cha ya kwanza ni 106, cha ya pili 131. Tofauti ni pingili moja ya kidole gumba. Waya wa betri ulikatwa kiwandani ufikie ile ndefu. Kwenye fupi unavutwa, pete ya waya inakaa upande, bolti inaingia imeinama. Ndala nayo inabonyea. Injini inatetemeka, betri inaruka, nati inalegea. Nati yenyewe ni kile kipande cha mraba kilicholala ndani ya kitundu cha temino, ile ncha ya betri inayofungwa waya, hakuna kinachokishika. Bolti ikiwa fupi, haikifikii vizuri. Inashika uzi mmoja au miwili, unadhani umekaza kumbe umeitundika tu. Na juu ya yote, fupi ni Ah 4 (kipimo cha umeme unaobebwa na betri) wakati ndefu ni Ah 6, kwa hiyo nililipia theluthi mbili ya betri.

Tangu siku hiyo betri naihukumu kwa nati kwanza. Namwambia muuzaji anifungulie kimfuko cha bolti hapo hapo dukani. Nati iteleze ndani ya kitundu bila kuzunguka, bolti iingie kwa vidole mpaka mwisho, temino iwe bapa na isibonyee ukiifinya kwa kucha. Wauzaji wananiona kichaa. Na wanione.

Kabla hujatoa hela lakini, pima. Testa, ile mita ya kupimia volti, ya bei ya chini inatosha, iweke DC 20. Betri iliyopumzika saa kadhaa ikisoma kati ya volti 12.6 na 12.8 imejaa. Chini ya 12.4, ichaji kwanza kabla ya kuilaumu. Halafu bonyeza selfu huku unatazama namba. Ikiporomoka chini ya 10 wakati ilikuwa imejaa, hapo ndipo betri imechoka kweli. Ikibaki 12 na selfu haisogei, umeme hauvuki: angalia fyuzi, swichi ya klachi, relei (swichi inayopeleka umeme kwenye selfu), waya wa ethi unaotoka hasi kwenda kwenye chuma cha pikipiki. Ukisikia ta-ta-ta-ta ya haraka, ama chaji ni ndogo ama kuna mahali pamelegea, na mimi mnajua nitaanzia wapi. Injini ikiwaka, piga resi kiasi. Namba iwe kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, hata betri ya dhahabu itakufa ndani ya wiki. Ikipita 15, rektifaya, kile kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji, inakukaangia betri, na utarudi dukani kulaani wasiohusika.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni hiki: ncha moja ya testa iguse temino yenyewe, nyingine iguse pete ya waya, mtu abonyeze selfu. Namba inapaswa kuwa karibu na sifuri. Ikisoma nusu volti, umeme unapotelea kwenye nati. Rudia kwa kugusa temino ya hasi na chuma kisicho na rangi cha injini; hapo ndipo pikipiki kuukuu nyingi zinapoumwa, ethi imekula kutu chini ya bolti. Msasa na dakika 10, umeokoa bei ya betri.

Kama umepima na kweli ni betri, huu ndio mpangilio wangu.

Ya kwanza ni Yuasa, na sijifichi kwamba naipendelea. Ni Wajapani, tangu 2004 wameungana na GS wakawa GS Yuasa, na hizi namba za YTX tunazozitaja ni lugha yao ambayo wengine wote wanaiiga. Temino zake hazinitii wasiwasi. Hiyo BS ya mwisho maana yake tindikali inakuja kwenye chupa zake pembeni, unajaza siku ya kununua. Sisitiza ijazwe mbele ya macho yako. Iache nusu saa au zaidi inywe, halafu ichajiwe polepole, kama ampea 0.6 kwa betri ya Ah 6. Muuzaji atakwambia haina haja, funga uende. Ina haja. Betri iliyojazwa tu bado haijafika chaji kamili, na ndiyo hizo zinazokufa mapema kisha zinaitwa feki. Zile feki zenyewe pia zipo, kwa hiyo boksi lililochapwa kwa wino unaofutika kwa mate liache hapo hapo.

Ya pili, betri kavu za India, Amaron au Exide. Bodaboda wengi wa Boxer na TVS wanazo na wanasaga nazo siku nzima. Kwa bei, pengine ndiyo chaguo la akili zaidi kuliko langu. Nunua bolti zako mwenyewe.

Ya tatu, lithiamu. Nyepesi ajabu, selfu inaruka. Kwa pikipiki kuukuu siishauri mpaka uwe umeipima chaji na kuamini rektifaya yako, kwa sababu haivumilii volti zikizidi.

Betri ya maji, kama unakumbuka kuongeza maji ya betri yaliyokenekwa kila mara, sawa. Zisizo na jina, za bei ya chini kabisa, sina la kusema. Nati zake zinapinda kwa bisibisi.

Angalieni pia herufi. YTX7A-BS si ndugu wa YTX7L-BS: ni pana zaidi, fupi zaidi, na chanya yake iko kushoto badala ya kulia. Nimeshauziwa kwa "ni ile ile" mara moja. Ya pili ingeniunguzia fyuzi, na huenda na rektifaya.

Kuhusu kurudisha: nilirudi Kariakoo na fupi yangu, haijamaliza wiki. Muuzaji hakubisha. Alinyoosha kidole kwenye karatasi ukutani, MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI, akaendelea kunywa chai. Nikamuuliza, je, mali isiyo niliyoiomba? Akasema, "Sista, uliiona kabla ya kulipa." Duka la tatu kutoka hapo Yuasa ilikuwa na bei mbili kwa wateja wawili, mimi na kaka aliyetangulia, ya kwangu ndiyo iliyokuwa juu. Nilisubiri nje, nikamtuma yeye.

Ile fupi iko nyumbani, inawasha taa ya banda la kuku. Bolti nimezikaza kwa spana namba 10.