Uzoefu wangu: boti ya aluminiamu niliyoitoa kwenye chuma chakavu, na injini ya boti ya mtumba, Enduro 15

Hii boti niliikuta imelazwa kifudifudi kwenye yadi ya chuma chakavu hapa Mwanza, futi 14, juu yake wamerundika mageti na mabati, na mzee mwenye yadi akaniambia kabisa wiki ijayo inakatwa inaenda kuyeyushwa iwe masufuria. Iliniuma. Nimekulia ziwani, nimezoea mitumbwi ya mbao ambayo kila mwaka unaipandisha kuikalafati, sasa kuona boti ya aluminiamu nzima nzima inaenda kuwa sufuria nikashindwa kuondoka. Tukapima kwenye mizani yake, kilo 171, kwa 3,500 kila kilo, nikalipa 598,500 na bajaji ya mizigo juu yangu.

Hapo kwenye mizani ndipo wengine wajifunze kwangu, maana boti ya saizi ile ikiwa tupu haifiki hata kilo 120. Mabenchi ya hizi boti ndani yake yana povu la njano, kazi yake ni kufanya boti ielee hata ikijaa maji, ila likikaa miaka mingi linanyonya maji kama sponji na hayatoki tena hata uianike juani mwezi mzima. Nilipofungua mabenchi nikatoa povu lote na mbao zilizooza tukapima tena ikasoma kilo 98. Yaani kilo 73 nilinunua maji na uozo kwa bei ya aluminiamu, zaidi ya laki mbili na nusu. Kwa hiyo ukikuta kama hii bonyeza benchi, toboa hata katundu kadogo uone kama kunatoka maji, afu ndio uongelee bei.

Kutafuta inapovuja fundi wangu alinifundisha njia rahisi sana: usiipeleke majini, iletee boti maji. Tuliiweka juu ya matairi manne tukamwaga maji ndani kimo cha kiganja, tukaingia chini na chaki, kila ribiti (zile pini zinazoshikanisha bati) inayotoa tone tunaizungushia duara. Zilikuwa 31. Nikakata tamaa kidogo lakini fundi akacheka akaniambia tulia kaka, nyingi zimelegea tu, na kweli, mmoja anashikilia kipande kizito cha chuma kwenye kichwa cha ribiti kwa nje, mwingine anagonga na nyundo kwa ndani, zinakaza. Tisa ndio zilikataa tukazitoa. Hapo msikubali mtu awawekee zile ribiti za bastola za kufungia mabati, zile katikati zina tundu na maji yatapita humohumo, tafuteni ribiti ngumu za aluminiamu, mi nilizipata kwa mafundi wa bodi za mabasi, na kabla ya kuigonga ipake gundi ya boti pembeni. Silikoni ya madirisha haishiki, nilijaribu sehemu moja ikabanduka kama ngozi.

Kulikuwa na ufa wa kama sentimita 12 kwenye kona ya nyuma. Mtu mmoja alitaka kuuchomelea na mashine ya kawaida ya mageti, nikamkatalia. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660 tu, wakati lile gamba jembamba la juu yake linataka zaidi ya 2,000, na haibadiliki rangi kukuonya kama chuma, unashangaa tu bati limeshadondoka umepata tundu la ngumi. Nenda kwa wanaochomelea kwa gesi ya agoni, wale wanaotengeneza rejeta na bloku za injini. Alinifanyia kwa 40,000 na mpaka leo haujafunguka.

Kitu kilichonisikitisha kuliko vyote ni ubao wa nyuma, pale injini inapofungwa. Aliyekuwa nayo kabla yangu aliubadilisha, akaweka mbao ya dawa, ile ya kijani tunayopaulia nyumba. Alifikiri anafanya jambo zuri kwa sababu haiozi. Ila ile dawa ina shaba ndani yake, na shaba ikikutana na aluminiamu pakiwa na unyevu, aluminiamu ndio inaliwa. Nilipoutoa nikakuta unga mweupe na vitundu kama vya sindano, ukiweka tochi nyuma unaona nyota. Jamani mbao ya dawa isiguse aluminiamu, na bolti za shaba pia hapana. Mi niliweka kiraka cha bati la aluminiamu, kisha marini bodi (plaiwudi ya boti) mbili za milimita 18 nikazigandisha pamoja na gundi ya epoksi, kingo zote na matundu yote ya bolti nikayanywesha epoksi, bolti zikawa za stenlesi na gundi chini ya kila washa. Sehemu hii msibane hela, injini yote inaning'inia hapo.

Badala ya povu nilipanga dumu za lita 5 zilizofungwa vizuri chini ya mabenchi, zikaingia 40, sawa na lita 200 za hewa. Hatukuishia kupanga tu, tulienda Luchelele, hapahapa Mwanza, kwenye maji ya kiuno tukaijaza maji makusudi, na mimi na fundi tukaning'inia pembeni, ikazama hadi ukingoni ikagoma kwenda chini. Wanaolijua hili ziwa linavyobadilika jioni wanaelewa kwa nini siku ile nililala vizuri. Rangi sina mengi, ila piga msasa na siku hiyohiyo upake praima ya aluminiamu, ukiiacha wiki gamba linajirudia na rangi itabanduka.

Sasa injini. Karibu kila mtu aliniambia nunua ya nguvu farasi 40. Nawaelewa, mitumbwi mikubwa ya dagaa inabeba mizigo, lakini boti ya futi 14 ya bati jembamba ukiifunga 40 kwanza nyuma inazama, pili ule ubao utalia, tatu ukifungua moto wote mbele inanyanyuka huoni unakoenda. Na kitu kingine, pima kimo cha ubao wa nyuma kabla hujatoa hata shilingi. Wangu ulikuwa sentimita 39, hiyo ni injini ya mguu mfupi, inchi 15. Ile ya mguu mrefu ni inchi 20, na nyingi nilizoonyeshwa zilikuwa ndefu. Ukifunga ndefu kwenye boti fupi mguu unaburuta chini sana, unakula mafuta na ufukweni unagonga mawe, na hapa Mwanza mawe ndio wenyeji. Ukifunga fupi kwenye boti ndefu propela inakamata hewa, injini inapiga kelele boti haiendi. Kile kibamba kipana kilicholala juu ya propela kinatakiwa kiwe usawa wa tumbo la boti, basi.

Niliona tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mipigo minne (four-stroke), kimya, inakula mafuta kidogo, naipenda mpaka leo, ila ina zaidi ya kilo 50 na nilipouliza spea mtaani kila mtu anasema agiza. Ya pili imepakwa rangi mpya inang'aa, mwenye nayo akaniwashia ikawaka mvuto mmoja. Nikagusa kichwa cha injini, cha moto. Kumbe alishaiwasha kabla sijafika. Nikamwomba tuiache ipoe kabisa, akaanza kuwa na haraka, nikatoa geji ya kompresheni, inayopima mgandamizo ndani ya silinda: silinda moja 95, ya pili 70. Zikipishana zaidi ya sehemu moja ya kumi hiyo injini imeshaumia ndani. Na risiti hana. Injini zinaibwa sana humu ziwani, kuna watu wameachwa katikati ya maji bila injini, kwa hiyo bila karatasi zenye namba sinunui hata kwa bei ya bure, utakuwa umenunua kilio cha mtu.

Ya tatu ndio hii, Yamaha Enduro 15, mipigo miwili, silinda mbili, cc 246, kilo kama 36, naibeba begani mwenyewe. Ikiwa baridi geji ilisoma 102 na 100. Kuna mtu wa Dar akaniambia hiyo ni ndogo, nikamweleza kwamba Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa yenyewe ni nyepesi, geji lazima isome chini kama asilimia 13 hivi kuliko pwani, la muhimu ni silinda zilingane. Nikafungua skrubu ya chini ya giaboksi, oili ikatoka nyeusi lakini safi, ingekuwa nyeupe kama chai ya maziwa ningejua maji yameingia kwenye sili. Karatasi zilionyesha ilianzia Tanga, yaani imekunywa chumvi, kwa hiyo nikaomba tufungue kifuniko cha themostati, chumvi ilikuwepo kidogo haijaziba. Nikalipa milioni 2.9.

Ndani ya wiki nikabadilisha impela (kile kifeni cha mpira) ya pampu ya maji ya kupoza injini, plagi, oili ya gia na mpira wa mafuta, kama 210,000 vyote. Impela badilisheni hata muuzaji akiapa ni mpya, ukipeleka mbali na kale kamkojo ka maji pembeni, kanakoonyesha injini inapozwa, kakakata, una dakika chache tu kabla pistoni hazijashika. Na oili ya kuchanganya petroli iwe ya boti yenye maandishi TC-W3, sio ile ya pikipiki, ile inaacha majivu.

Nina miezi saba nayo sasa. Tukiwa wawili kwa simu inasoma kilomita 30 kwa saa, tukiwa wanne na mizigo inashuka hadi 19 hivi, hainyanyuki tena, inalima maji. Petroli ndio udhaifu wa mipigo miwili, ukifungua yote inakaribia lita 6 au 7 kwa saa, mi natembea robo tatu na safari ya wikiendi kuvua sato inanitosha na lita 10. Asubuhi baridi inataka choki na mivuto mitatu. Mama yangu, ambaye hajawahi kupenda kupanda vitu vidogo majini, amepanda mara mbili akiwa na jaketi lake la kuokolea, na mara ya pili aliuliza mwenyewe tunaenda lini.

Jumla na boti, ukarabati na injini nimetumia milioni 4 na laki 6 hivi, bila kuhesabu jumamosi zangu. Ribiti moja chini ya benchi la mbele bado inatoa machozi, kikombe kimoja kwa siku, nimeshaizungushia chaki, mwisho wa mwezi tunaipandisha tena juu ya matairi.