Siki na bekingi soda: nimezitumia kusafishia nyumba miezi mitatu

Nianze na birika, maana ndilo lililonishangaza. Ndani lilikuwa na ukoko mweupe wa chokaa mgumu kama jiwe. Nikatia siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, nikachemsha, nikaliacha nusu saa. Ukoko ukabanduka wenyewe. Asidi ya siki, ambayo kwa kawaida ni kama asilimia 5, huyeyusha chokaa. Hapo naipa alama zote.

Bekingi soda ni ya kusugulia. Naikoroga na maji kidogo iwe uji mzito, naipaka kwenye sinki na sufuria zilizoungua. Haikwaruzi sana, ila mkono lazima ufanye kazi.

Kuzichanganya zote mbili, kama wengi wanavyosifia, ni mchezo wa kuigiza tu. Povu linapanda, unafurahi, kumbe asidi na soda vimeshauana, na kilichobaki karibu chote ni maji na chumvichumvi. Nilipoteza chupa nzima ya siki kabla sijashtuka.

Jiwe la marumaru usiliguse na siki wala limau. Langu lina doa lisilong'aa mpaka leo. Na siki isikutane kabisa na dawa ya klorini: hutoa gesi ya sumu. Choo na ubao wa kukatia nyama mbichi bado navisafisha kwa dawa ya kuua vijidudu ya dukani. Harufu ya siki? Inaondoka ikikauka, ingawa mume wangu anabisha.