Leso na dada: moja tumekopa, moja limefanana tu

Juzi nko Biashara Street nachagua leso kwa duka ya Mhindi, mara mtoto anaita "Dada! Dada!" nikageuka nimtafute huyo dadake, kumbe anamwita mzee alokaa kaunta. Kigujarati dada ni babu mzaa baba, na mama ndo mjomba, wallahi nlisimama pale leso mkononi nikiwaza.

Sasa hii leso yenyewe tumeitoa kwa Wareno, wao wasema lenço, kitambaa cha mkononi, na ndo walianza kujenga Fort Jesus 1593 kwa hivyo muda wa neno kuhamia kwetu ulikuwepo. Sauti yafanana, maana pia haiko mbali, kitambaa kwa kitambaa. Hapo sina shaka.

Lakini dada na babu wapi na wapi? Mi naangalia maana kwanza, neno fupi sauti yake hudanganya sana. Hizi da-da na ma-ma mtoto mchanga huzitoa mapema kabla hajajua kusema, kila lugha ikampa mtu wake, mpaka huko nchi ya Georgia, si ile ya Marekani, mama ndo baba, na mama mwenyewe waita deda.