Siti za faiba kwenye gari la kujiundia: uzoefu wangu hapa Mwanza

Siti ya kwanza niliagiza nje ya nchi, na haikuingia kwenye gari. Ya pili nimetengenezewa na fundi wa boti hapa hapa ufukweni, na ndiyo ninayokalia hadi leo. Naandika kwa ajili ya mwenye gari la kujiundia anayetaka kufunga siti za baketi, zile za ganda moja ambazo mgongo haulali nyuma. Mimi nilitafuta maelezo ya namna hii kwa Kiswahili kabla ya kutuma pesa, sikuyapata.

Gari lenyewe ni la umbo la Lotus Seven, gari dogo la wazi ambalo Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alianza kuliuza Uingereza mwaka 1957, mara nyingi likiwa vipande ili mnunuzi alifunge mwenyewe nyumbani na kukwepa kodi ya gari zima. Mwaka 1973 haki ya kuliunda ilikwenda kwa kampuni ya Caterham, na tangu hapo watu wa nchi nyingi wameiga umbo lile. La kwangu ni mojawapo ya nakala hizo. Lililetwa na mhandisi mgeni aliyekuwa akifanya kazi mgodini upande wa Geita. Mkataba wake ulipokwisha akaniuzia chesi (fremu ya chuma ya gari), bodi na maboksi mawili ya vifaa kwa bei ya kuelewana. Injini nimeweka ya Corolla. Siti hazikuwemo.

Kwenye gari hili dereva anakaa karibu na sakafu, miguu imenyooka mbele, kulia ubavu wa gari, kushoto handaki linalofunika propela shafti, ile shafti inayopeleka nguvu ya injini magurudumu ya nyuma. Mwanzoni nilijaribu siti ya Corolla. Ilinipandisha mpaka nikawa naangalia juu ya kioo, na kichwa kikapita juu ya bomba la kinga lililo nyuma ya dereva. Hilo ndilo lililonitisha. Bomba lile linakuokoa gari likipinduka pale tu kichwa chako kinapokuwa chini yake. Siti ya faiba ganda lake ni jembamba na halina springi wala fremu ya chuma chini, kwa hiyo inakushusha. Uzito nao unapungua. Siti ya Corolla pamoja na reli zake nilipima kilo 17, hii ninayotumia sasa ni kilo 6 na kidogo pamoja na sponji.

Kosa langu lilikuwa kwenye kipimo. Muuzaji aliandika upana wa sentimita 38 kwenye nyonga, nami nina 36, nikaridhika. Ile 38 ilikuwa ya ndani. Kwa nje, kwenye ukingo uliokunjwa, siti ilikuwa na 49, na kwangu kutoka handaki hadi ubavuni ni 46. Mabega yake nayo yaligonga bomba la kinga kabla hata sijaishusha. Muuzaji hakudanganya. Hakuandika kipimo cha nje, na mimi sikukiuliza. Siti moja ilinigharimu laki saba na nusu pamoja na usafiri hadi Mwanza, na muuzaji hakukubali irudishwe. Ilikaa sebuleni miezi mitatu ndipo nikamuuzia kijana wa Nyakato mwenye Subaru.

Kwa hiyo usipime kwa macho, wala usitumie siti ya rafiki kama kipimo. Kaa sakafuni, mgongo ukutani, na suruali na jaketi utakalovaa safarini. Mwambie mtu akubane nyonga kwa mbao mbili zilizosimama, kisha apime kati yake. Ongeza sentimita mbili tu. Pima na kutoka sakafuni hadi juu ya bega, na hadi utosini. Halafu ingia ndani ya gari na upime nafasi yake sehemu tatu, chini, kwenye nyonga na kwenye mabega, maana bodi nyingi zinapanuka au kubana kadiri unavyopanda. Kipimo cha nje cha siti kilingane na hivyo vitatu. Unene wa sponji uamue siku hiyo hiyo. Nitaeleza kwa nini.

Fundi wa boti nilimpata upande wa Ilemela, mzee anayeziba na kuunda boti za faiba. Nilikwenda asubuhi, nikamsalimu, "Mwangaluka, mzee wangu," nikamwonyesha picha kwenye simu. Aliiangalia muda mrefu. Akasema, "Kijana wangu, hii ni boti. Imekatwa nusu ikasimamishwa." Alikuwa sahihi kuliko alivyodhani. Faiba iliyo bapa inapinda kama karatasi. Inapata nguvu ikipewa mviringo, ikikunjwa ukingo, au ikitiwa mbavu, na mtu anayejua kwa nini boti ina mataruma, zile mbavu za ndani, hahitaji kuelezwa hayo mara mbili.

Tulitengeneza umbo kwa plaiwudi na povu gumu, mimi nikikaa, yeye akikata na kupiga puti, siku nne nzima. Kisha msasa, nta, na kutoka hapo akatoa kalibu, yaani umbo la kumwagia ganda. Ganda lenyewe alilipiga alfajiri kabla jua halijakaza, kwa sababu rezini ikichanganywa na kigandishi inajipasha moto yenyewe, na kwenye joto la mchana inaganda kabla hujamaliza kutoa hewa kwa rola. Kigandishi kiko kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wa rezini. Fundi anayemimina kwa kukadiria macho, tafuta mwingine. Tulilaza mati ya nyuzi za faiba ya gramu 450 kwa mita ya mraba, tabaka nne sehemu zote, sita pale bolti zinapopita na kuzunguka matundu ya mkanda. Nyuma ya mgongo akajenga mataruma mawili ya povu na kuyafunika kwa faiba. Baada ya hapo nilimsihi tuiache wiki nzima ikauke ndipo nikalie. Vumbi la faiba wakati wa kukata na grenda linawasha ngozi vibaya na halifai kabisa kuvutwa, kwa hiyo funga pua na mdomo kwa barakoa ya kweli, kitambaa hakitoshi. Kazi yote, pamoja na kalibu ambayo amenikabidhi, nililipa 480,000.

Kuifunga ndiko kulikonifundisha zaidi. Sakafu ya gari langu ni bati la alumini lililopigwa ribiti. Siti haifungwi kwenye bati hilo, hata uweke washa kubwa kiasi gani, kwa sababu katika ajali dereva anaondoka na siti na kipande cha sakafu. Fundi wa kuchomelea aliniwekea mabomba mawili ya mraba kukatiza kutoka chesi upande mmoja hadi mwingine, na pale bolti inapopita akachomelea kijibomba ndani ili ukikaza mraba usibonyee. Nikatumia bolti nne za milimita 8 zenye alama ya 8.8 kichwani, inayoonyesha daraja la nguvu yake. Juu ya faiba niliweka vibamba vya chuma vya milimita 3, vipana kama kiganja cha mtoto, kusambaza nguvu.

Hata hivyo, wiki ya pili ilitokea mipasuko ya nyota kwenye jelikoti, ile ngozi ya juu inayong'aa, kuzunguka bolti ya nyuma kushoto. Nikafikiri fundi ameniharibia. Nilipolegeza bolti zote nikaona kona moja inaelea milimita nne juu ya bomba. Nilikuwa nimelivuta ganda kwa spana mpaka likakaa, likawa limesokotwa muda wote. Nikajaza pengo kwa washa, nikakaza tena kwa kupokezana kona kwa kona, na mipasuko haijaongezeka hata moja. Kabla ya kukaza chochote, weka siti ikae yenyewe, sukuma kila kona kwa kidole. Ikicheza, jaza kwanza.

Mkanda ni wa pointi nne. Mikanda ya mabega inatakiwa irudi nyuma karibu usawa, ikishuka kidogo tu. Ikishuka sana, kwenye mgongano inakukandamiza uti wa mgongo kwenda chini. Sisi tulikata matundu nikiwa nimekaa juu ya ganda tupu. Nilipoweka sponji ya sentimita nne bega likapanda juu ya tundu, na mkanda ukawa unanivuta chini. Ilibidi nipunguze sponji hadi sentimita moja na nusu, ile ngumu isiyonywa maji. Mkanda wa kiunoni upite kwenye matundu ya pembeni ukae juu ya mifupa ya nyonga, siyo tumboni. Kingo za matundu nilizipiga msasa na kuzivisha mpira wa hosi uliopasuliwa ili zisikate mkanda. Tena, bolti za mkanda kwa kawaida ni za inchi 7/16, yaani milimita 11 na kidogo. Fundi akikuletea ya milimita 12 na kutaka kuilazimisha, mkataze.

Sasa niseme wazi kuhusu usalama. Siti za mashindano zilizothibitishwa na FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, zina lebo, kama 8855-1999 yenye muda wa miaka 5 tangu kutengenezwa, au 8862-2009 yenye miaka 10. Siti yangu haina lebo wala haijajaribiwa na mashine yoyote. Kwa rali au mbio za aina yoyote nisingeikalia, na wewe usiikalie. Kwa barabara ya kawaida nimeikubali kwa sababu nimeona kila tabaka likiingia, na kwa sababu nilisisitiza mgongo wa siti upande juu mpaka nyuma ya kichwa. Siti fupi za faiba zinazoishia mabegani zinapendeza kwenye picha, ila gari likigongwa nyuma, shingo haina pa kuegemea. Kwa gari la barabarani sizipendekezi hata kidogo.

Barabarani inanishika vizuri sana. Nimekwenda nayo Usagara hadi Kigongo, nikavuka daraja jipya la Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya ziwa, lililofunguliwa Juni 2025, na upepo wa pembeni ulipokuwa ukilisukuma gari nilikuwa nausikia mgongoni kabla sijauona kwenye usukani. Hilo siti ya Corolla haikunipa kamwe. Kwenye mawe ya kupanda Isamilo hali ni nyingine, hakuna springi, kila jiwe linafika. Baada ya saa mbili mapaja yanachoka, kwa sababu tulilaza sehemu ya mbele ya kalio kupita kiasi. Ningeipandisha sentimita tatu. Mvua haina shida, nilitoboa matundu manne ya milimita 10 chini na maji yanatoka. Jua ni shida zaidi. Niliepuka jelikoti nyeusi, nikachagua ya kijivu hafifu, na bado saa saba mchana lazima nitandike kitambaa.

Mke wangu alikaa humo mara moja, mabega yake hayakufika kwenye matundu ya mkanda. "Baba watoto, hii umejitengenezea wewe," akasema, na ni kweli. Siti ya abiria inatoka kwenye kalibu ile ile, lakini matundu yatakatwa yeye akiwa amekaa juu ya sponji yake. Mzee ameniambia tuanze masika yakiisha, hewa ikikauka.